Vidole viwili vya Chevrolet: pampu ya maji, puli zake, na gari linaloendelea kuchemsha

Juu ya meza kuna pampu mbili za maji. Zote ni za chuma, zote zina miguu miwili ya kukalia bloku, yaani mwili wa injini, zote zina mdomo mmoja mkubwa wa kuvalisha mpira wa chini wa rejeta inayopoza maji. Ukizitazama kwa mbele hutazijua ipi ni ipi. Sasa chukua rula, upime kutoka uso unaolala kwenye bloku hadi uso wa kitovu panapofungwa puli, gurudumu linalopitiwa na mkanda. Ya kwanza ina inchi 5⅝, kama milimita 143. Ya pili ina inchi 6 na 15/16, kama milimita 176. Zimepishana milimita 33, upana wa vidole viwili vya mtu mzima.

Vidole viwili hivyo ndivyo vilivyomsumbua rafiki yangu miezi mitatu. Tulikua naye Tanga, sasa sote tuko Houston, Marekani, na yeye ana Chevrolet Camaro ya mwaka 1967 anayoipenda kuliko nyumba. Simu yake ya kwanza ilikuja hivi: "Kaka, nimefunga wota pampu mpya kabisa, na gari bado linachemsha."

Injini yenyewe ni V8 ndogo ya Chevrolet, ile Wamarekani wanayoiita small-block. Ilitoka mwaka 1955 ikiwa na inchi za ujazo 265, yaani lita 4.3, ikakua hadi 283, 327, na mwaka 1967 ikafika 350. Kwa nje bloku zinafanana kiasi kwamba kilichotoka kwenye hii kinakaa kwenye ile. Huo ndio utamu wa injini hii, na hapo hapo ndipo mtego ulipo. Magari madogo ya Chevrolet yalitumia pampu fupi tangu 1955 hadi 1968. Mwaka 1969 kiwanda kikahamia pampu ndefu, isipokuwa Corvette iliyobaki na fupi. Pamoja na pampu, vitu vingine vya mbele vikahama pia: alteneta, mtambo wa kuzalisha umeme wa gari, ikatoka kushoto mwa injini, upande wa dereva kwa Marekani, ikaenda kulia, na silinda hedi, vichwa vinavyofunika bloku kwa juu, zikatobolewa mashimo ya bolti kwenye ncha zake ili zishike vyuma vya alteneta na pampu ya usukani. Hedi nyingi za kabla ya hapo hazina mashimo hayo.

Kwa hiyo pampu fupi ina puli zake, vyuma vyake na mahali pake pa alteneta, na ndefu vilevile. Ukichanganya kipande kimoja tu, mkanda unakwenda upande.

Sasa yule rafiki yangu. Alikwenda dukani, muuzaji akamuuliza: gari la mwaka gani? Akajibu 1967. Akapewa pampu fupi, na kwa kitabu cha duka jibu hilo lilikuwa sahihi. Lakini injini iliyomo ndani ya hiyo Camaro si ya 1967. Ni 350 iliyotolewa kwenye gari jingine la miaka ya sabini, ikaja na puli zake ndefu na alteneta yake upande wa kulia. Mwaka wa gari na mwaka wa injini ni vitu viwili, na kwa magari ya umri huu mara nyingi havilingani. Fundi aliyeifunga alipoona puli ya pampu imebaki nyuma ya puli ya krenki, shafti kuu ya injini, hakuirudisha pampu dukani. Alichonga kipande cha alumini cha milimita 33, akakiweka kati ya kitovu na puli, bolti ndefu, kazi imekwisha. Mkanda ukanyooka.

Ukanyooka, ila mzigo wa mkanda na uzito wa feni sasa vilikuwa vinaning'inia mbali na beringi. Chukua ndoo ya maji uishike karibu na kifua, kisha uishike mkono umenyooka: maji ni yale yale, bega ndilo linalojua. Baada ya wiki chache tundu dogo lililo chini ya shingo ya pampu likaanza kulia machozi ya rangi ya kutu. Tundu hilo si kasoro. Limewekwa makusudi, ili sili ikichoka maji yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Ukiona limeacha alama ya kutu au ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) iliyokauka, pampu imeshakuaga, inangoja siku tu. Wako wanaoliziba kwa gundi. Hao sina la kuwaambia.

Tukarudisha pampu ndefu. Mkanda ukatulia, machozi yakaisha, feni ikabaki na nafasi ya inchi moja hivi mbele ya rejeta. Na kwenye foleni mshale wa joto ukapanda vilevile.

Hapo ndipo tulipolazimika kuzitazama puli zenyewe. Tukiwa wadogo pwani tulilijua kapi, lile la jahazi linalopandisha tanga. Gereji wanasema puli, na kazi yake ni nyingine. Kapi hukupunguzia uzito. Puli ya injini kazi yake ni kuamua pampu izunguke mara ngapi kila krenki inapozunguka mara moja, na hesabu yake haihitaji kalamu: gawanya kipenyo cha puli ya krenki kwa kipenyo cha puli ya pampu.

Puli za Camaro zilikuwa za alumini, zinang'aa kama sinia la harusi, na zilikuja na injini kutoka kwa mwenye nazo wa zamani. Ya krenki milimita 133, ya pampu milimita 181. Gawanya, unapata 0.735. Injini ikiwa silensa, gari limesimama na krenki inazunguka mara 650 kwa dakika, pampu inapata mizunguko 478 tu. Puli za namna hiyo zilitengenezwa kwa magari ya mashindano. Gari la mashindano halijui foleni. Linakwenda mizunguko 6,000 na zaidi muda wote, na huko pampu ikizungushwa kasi mno inakula nguvu za injini bure na mkanda unaweza kuruka. Kupunguza kasi ya pampu huko ni akili. Kwenye barabara ya Houston saa 11 jioni mwezi wa Agosti, ni kujitafutia mvuke.

Ili kuona uzito wa jambo hili inabidi kujua pampu ya maji ya gari inafanyaje kazi. Haisukumi maji kama bomba la mkono, kwamba kila mpigo unatoa kipimo kile kile. Ndani yake mna propela inayochukua maji katikati na kuyarusha pembeni, na nguvu ya kurusha inatokana na kasi peke yake. Pampu za aina hii zina kanuni tatu zisizobadilika. Kasi ikiongezeka mara mbili, maji yanayopita yanaongezeka mara mbili. Msukumo, yaani uwezo wa kuyapenyeza maji kwenye njia nyembamba za hedi, unaongezeka mara nne. Na nguvu ambayo pampu inainyonya injini inaongezeka mara nane.

Tukamwekea puli ya krenki ya milimita 171 na ya pampu ya milimita 159. Uwiano ukawa 1.08 hivi. Silensa ile ile ya 650, pampu sasa inazunguka 699. Maji yameongezeka kwa karibu nusu, na msukumo umezidi mara mbili ya mwanzo. Pampu haikuguswa. Hata bolti moja ya pampu haikulegezwa, ila zile nne za puli.

Ndiyo maana sipendi mtu anapoanza mazungumzo kwa kuuliza pampu gani ina maji mengi. Sanduku linaweza kuandikwa kila sifa, lakini pampu nzuri iliyofungwa kwa puli ya kuisinziza inashindwa na pampu ya kawaida yenye puli sahihi. Kwa gari la mjini natafuta uwiano kati ya 1.0 na 1.3. Gari lenye kiyoyozi nalipeleka juu kidogo, kwa sababu joto la kiyoyozi linamwagwa mbele ya rejeta ile ile. Zaidi ya hapo inategemea unakanyaga kiasi gani: kwa uwiano wa 1.3, injini ikifika mizunguko 5,500 pampu iko 7,150, na hapo linaingia tatizo jingine.

Tatizo hilo ni mapovu. Propela ikienda kasi kuliko maji yanavyoweza kuifikia, mgongo wa panga unabaki na utupu, na maji yenye joto huchemka hapo hapo kwa kukosa shinikizo, yakatoa vipovu vinavyopasuka na kuchimba chuma. Ukifungua pampu iliyopitia hayo utaona panga zimetoboka vishimo vidogo kama muhogo ulioliwa na wadudu. Mpira wa chini wa rejeta nao hufyonzwa ukajikunja, ndiyo maana mipira mingi ya chini ilikuwa na waya uliosokotwa ndani kama springi. Waya ukioza, gari linakuwa zuri mjini na linachemsha barabara kuu. Simamisha gari, mtu akanyage mafuta, wewe tazama mpira wa chini: ukiuona unajibana kama shavu la mtu anayenyonya embe, umempata mwizi.

Hilo linanileta kwenye swali ninalouliza kabla ya kumruhusu mtu anunue chochote: linachemsha wapi? Linalochemsha kwenye foleni na kupoa likishika barabara mara nyingi lina shida ya hewa. Feni ndogo, feni iliyo mbali na rejeta, au kava la feni lililotolewa na mtu aliyeona linamzuia kufika kwenye mkanda. Bila kava feni inavuta hewa ya pembeni, si ile inayopita kwenye rejeta. Linalokwenda vizuri mjini na kuchemsha kwenye mwendo au mlimani lina shida ya maji: rejeta imeziba, mpira unajibana, mkanda unateleza, panga zimeliwa.

Na kumbuka feni ya magari haya imefungwa kwenye pua ya pampu. Ukibadilisha puli umebadilisha vyote viwili, maji na hewa. Ndiyo maana puli za rafiki yangu zilimuumiza mara mbili kwenye foleni, na ndiyo maana marekebisho yalileta nafuu kubwa kuliko hesabu ya maji peke yake. Wazee wetu waliofanya kazi kwenye Peugeot 404 watatabasamu hapa. Gari lile, lililoshinda Safari Rally mwaka 1963 na tena 1966, 1967 na 1968, lilikuwa na sumaku ya umeme kwenye puli ya pampu: injini ikiwa ya baridi feni inaachiwa, ikipata joto sumaku inaikamata. Maji yalisukumwa muda wote, hewa ilipohitajika tu. Wamarekani walilitatua kwa kitovu cha feni chenye mafuta mazito ndani, kinachokamata kikipata joto. Ukikuta kitovu hicho kinazunguka huru kama pia hata injini ikiwa ya moto, kimekufa.

Sasa themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, maana sijawahi kuzungumza habari hizi bila mtu kusema itolewe. Nimeisikia kwa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, nimeisikia Kirinyaga Road, Nairobi, na hapa Texas wapo vilevile: huku joto, ya nini? Wengine wanaipa sayansi. Wanasema maji yakipita haraka kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa, kwa hiyo pampu yenye nguvu inachemsha gari. Si kweli. Maji hayapiti mara moja yakaenda zake. Ni yale yale yanayozunguka. Yakienda haraka yanakaa muda mfupi kwenye rejeta kila safari, ila yanarudi mara nyingi zaidi, na rejeta nzima inabaki ya moto kutoka juu hadi chini badala ya kuwa ya moto juu na ya uvuguvugu chini. Rejeta ya moto zaidi humwaga joto zaidi kwenye hewa. Hakuna muda unaopotea.

Kwa nini basi gari lililotolewa themostati mara nyingine huchemsha, na hadithi hiyo ikapata nguvu? Kwa sababu themostati ni kizuizi pia. Pampu ikisukuma dhidi yake, shinikizo linapanda ndani ya bloku na hedi, na maji yaliyo jirani na vali za kutolea moshi, mahali penye joto kali kuliko pote, yanashindwa kugeuka mvuke. Ondoa kizuizi, mvuke unapata nafasi ya kukaa pale, na mvuke haupoozi chuma. Kwa injini hii zinazotumika sana ni themostati za nyuzi 82 na 90. Naweka ya 82 na sijutii. Kifuniko cha rejeta kinafanya kazi ya ndugu yake: cha shinikizo la pauni 15 kinapandisha kiwango cha kuchemka cha maji matupu hadi karibu nyuzi 120. Kifuniko cha bei ndogo kilicholegea springi kimeshanunulisha watu pampu mbili.

Kwenye pampu yenyewe, ukishajua urefu, yamebaki machache ya kutazama dukani. Pima ncha ya shafti inayoingia kwenye tundu la puli: kuna za inchi ⅝ na za inchi ¾. Puli ya ¾ kwenye shafti ya ⅝ inaingia, inafungika, na haikai katikati. Itacheza hadi iue beringi. Geuza pampu utazame nyuma. Propela ya bati lililokatwa na kukunjwa ni ya gharama ndogo, ya kumimina yenye panga zilizopinda ni bora. Linalozidi yote mawili ni nafasi iliyoachwa kati ya panga na ukuta wa nyumba yake. Nafasi ikiwa pana maji yanazunguka humo humo ndani bila kwenda popote. Milimita moja hivi ni nzuri. Nimeshafungua pampu iliyokarabatiwa, rangi mpya juu, kalamu ya risasi ikapita kati ya panga na ukuta.

Kisha mwelekeo. Injini za miaka ya themanini zilipohamia kwenye mkanda mmoja mpana wenye mifereji, kuanzia Corvette ya 1984, pampu ikawa inaendeshwa na mgongo wa mkanda, ikazunguka kinyume. Kwa nje ni pampu ya kawaida kabisa. Ukiifunga kwenye gari la mkanda wa zamani, haitagoma. Maji yataendelea kwenda upande ule ule, kwa sababu propela hurusha nje tu hata izungushwe vipi, ila panga zimepinda vibaya na maji yatakuwa pungufu sana. Gari litakaa vizuri asubuhi, litachemsha mchana likibeba mzigo, na utabadilisha kila kitu kabla ya kuishuku pampu mpya. Simama mbele ya gari: kwa mkanda wa zamani pampu inazunguka kama mshale wa saa, sawa na krenki. Waambie wakuuzie ya hivyo.

Pampu za umeme zipo. Zinasukuma maji yale yale injini ikiwa silensa au kasi, na hilo ni jambo zuri, lakini alteneta ndogo ya miaka ya sitini inabidi ilishe pampu, na pengine feni ya umeme, na taa. Na waya mmoja ukikatika, gari limekwisha. Kwa gari la kutembelea Jumapili sioni sababu.

Mkanda wa umbo la V upite kwenye puli ya pampu ukiikumbatia angalau theluthi moja ya mzunguko. Ukiigusa kidogo tu utateleza, hata ukazwe namna gani, na ukikazwa kupita kiasi beringi ndiyo inayolipa. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu: ukishuka kama milimita 12, acha. Kunyooka kwa puli kunapimwa kwa rula ndefu ya chuma inayolazwa kwenye uso wa puli mbili. Milimita moja na nusu ya kupishana navumilia. Zaidi ya hapo mkanda utaanza kumwaga unga mweusi kwenye kava, na unga huo utauona kabla ya kusikia mlio.

La mwisho ni unachokimimina ndani. Maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa kulanti, hilo halina ubishi. Lakini bloku ni ya chuma cha kumimina na pampu au rejeta inaweza kuwa ya alumini, na maji ya kisima, hasa ya pwani yenye chumvi, yanazikutanisha metali hizo kama betri. Sili ya pampu nayo haipati kinga dhidi ya kutu. Nusu kulanti nusu maji yaliyochujwa madini, basi.

Jumamosi moja tulimaliza kufunga. Nilimwambia asiguse kifuniko, aweke mkono juu ya mpira wa juu wa rejeta na angoje. Dakika kadhaa ulikuwa wa baridi wakati injini ishaanza kunukia joto. Maji yalikuwa yanazunguka ndani ya bloku tu, themostati imefunga. Halafu ghafla akauondoa mkono. "Umefunguka," akasema. Mshale ulisimama hapo kwenye 82, ukapanda kidogo, ukarudi. Tukaliacha silensa nusu saa kwenye jua la saa 9, kiyoyozi kimewashwa, sisi tumekaa kivulini tunakula machungwa, na kila baada ya muda mmoja wetu anainuka kwenda kuchungulia lile tundu chini ya shingo ya pampu. Lilikuwa kavu.